Dishi Nililoliweka Chini ya Mvule

Nyumbani kwa marehemu Mzee Zephaniah,
Busibwabo,
S.L.P. 214,
Busia.

Ijumaa, 15 Agosti 2025.

Mpendwa Baba Mkubwa Austine,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nimeona niliandike kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitaishia na salamu. Kile kipimo cha intaneti nilichokutumia mwezi wa Aprili, ambacho kilikufanya uamue tuliuze shamba aliloliacha baba yako, Kuka Zephaniah, na kununua ploti ya Malaba, nilikiharibu kwa makusudi. Intaneti ya setilaiti haikukataa kufanya kazi hapa nyumbani. Mimi ndiye niliyeifanya ikatae.

Sasa nakusalimu. U hali gani huko Halifax? Mama Mkubwa Nasimiyu anaendeleaje na mguu wake, na mwanenu Egesa bado anaogopa mbwa wa jirani? Tulisikia joto limekuwa kali huko mwaka huu. Mama yako, Kukhu Roselida, alicheka sana, kwa sababu anaamini mwanawe anaishi ndani ya friji.

Sisi huku tu wazima. Kukhu alishikwa na homa mwanzoni mwa mwezi lakini amepona, ila magoti humsumbua asubuhi. Baba yuko Malaba na makaratasi yake ya malori, anakuja nyumbani kila Jumapili. Mama ameenda Budalang'i kumsaidia dada yake aliyejifungua mtoto wa kike, na anasema mwaka huu mto Nzoia umewaonea huruma, maji hayajaingia nyumbani. Mimi nimefunga shule. Katika kidato cha tatu nilikuwa wa nne.

Sikukupigia simu kwa sababu simu ni ya baba, na unajua kwetu simu kutoka ng'ambo huzungumzwa kwa spika, nyumba nzima ikiwa imeinama kusikiliza. Hata ningekuwa peke yangu nadhani ningenyamaza. Kwenye karatasi huwa napata ujasiri kidogo.

Nianze pale ulipoanzia wewe. Mwezi wa Machi ulituambia kwamba unataka kurudi nyumbani kuishi, na kwamba ofisi yenu itakuruhusu uendelee kuchora ramani za majengo ukiwa huku, mradi uwe na mtandao usiokatika. Ulisema njia ni mbili. Moja ni faiba, waya unaozikwa ardhini, ambao haujafika Busibwabo. Nyingine ni setilaiti, ambayo ni dishi dogo tu linalotazama angani, halihitaji waya wa mtu. Ulisema setilaiti ikifanya kazi utajenga hapa hapa, kwenye eka tatu za Kuka. Ikikataa, tutauza na kununua mahali faiba inapopita. Ukamlipa Nasir, yule mwenye duka la simu karibu na mpaka pale mjini Busia, atukodishie dishi kwa siku saba. Kazi ya kupima ukanipa mimi, kwa sababu ulisema mimi ndiye mtu pekee katika ukoo huu anayesoma maagizo hadi mwisho.

Nasir alinieleza vizuri sana. Alilitoa dishi kwenye boksi akaliweka juu ya kaunta.

"Dada, hii kitu haina mambo mengi. Haitaki mti, haitaki ukuta. Inataka kuona mbingu, basi. Ukiificha, itakuonyesha nyekundu kwa simu."

Nilimwuliza itakuwaje nikikosa mahali wazi.

"Busibwabo? Mnakosa aje mahali wazi na nyinyi ndio wenye mashamba? Mimi hapa nikifungua dirisha naona sufuria za jirani. Na simu yangu kila asubuhi inanikaribisha Uganda kama mgeni, na sijatoka kitandani."

Wateja walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Hapa nyumbani, karibu na stima, mahali wazi ni pawili. Pa kwanza ni juu ya paa la Kukhu, lakini kwetu mwanamke hapandi paa, na baba hakuwepo. Pa pili ni makaburini nyuma ya nyumba, alipolala Kuka, ambapo hakuna aliyewahi kupanda mti wala mgomba. Nisingeweza kuweka mashine pale bila kumwuliza Kukhu. Hizo ndizo sababu ambazo ningekupa kama ungeniuliza. Zote ni za kweli, lakini hakuna hata moja iliyonizuia. Ningeweza kumwita kijana wa jirani apande. Ningeweza kumwuliza Kukhu, alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwangu. Sikuuliza. Nililipeleka dishi nyuma ya ghala, nikaliweka chini ya ule mvule mkubwa, mahali ambapo hata jua la saa sita hufika vipande vipande.

Simu ilionyesha nyekundu karibu duara lote. Iliniambia nilihamishe dishi. Niliifunga. Kwa siku saba nilipima asubuhi, adhuhuri na jioni, nikaandika kwenye karatasi ya grafu niliyotoka nayo shule, nikapiga mistari kwa rula. Kila nambari niliyoandika niliiona kwa macho yangu. Uongo ulikuwa mahali dishi lilipokaa, na mahali hapo sikupaandika. Ulipopiga simu ukasema mbele ya wote kwamba mimi ndiye mwanasayansi wa ukoo, Kukhu alinichemshia yai. Nililila kwa shida.

Utataka kujua kwa nini. Mwezi ule wa Machi ulisema pia kwamba tukinunua ploti ya Malaba utajenga kwanza vyumba viwili, mimi na Kukhu tukae pale, na kimoja kitakuwa changu. Baba Mkubwa, mimi hulala sebuleni kwa Kukhu. Natandika godoro wageni wakishaondoka, na nalikunja kabla hawajaja. Vitabu vyangu viko ndani ya katoni chini ya kabati la vyombo. Kila anayeingia huniuliza nasoma nini, nami hushindwa kujibu, nao husema nina maringo. Nilitaka chumba chenye mlango. Siwezi kusema nilimfikiria Kukhu, au wewe, au Kuka. Nilifikiria mlango.

Baada ya hapo karatasi yangu ikaanza kutembea bila mimi. Baba alimpa Sydney, broka wa mashamba, ili ajue kwa nini tunauza. Unaweza usijue jinsi mambo yalivyobadilika huku. Zamani mtu akiuza shamba aliulizwa barabara, maji na stima. Siku hizi swali la kwanza ni mtandao. Hata mbao za ploti kule barabarani zimeandikwa kwa rangi, "Karibu na faiba", pale ambapo zamani ziliandikwa karibu na hospitali au karibu na kanisa. Mashamba ya ndani kama yetu yanaitwa ya gizani, ingawa stima tunayo.

Mwezi wa Juni Sydney alimleta mnunuzi. Nimezoea kuona watu wakikagua shamba: hupiga udongo teke, huuliza kisima kina futi ngapi, huuliza kama kuna kesi. Huyu hakutazama chini hata mara moja. Alienda moja kwa moja hadi makaburini, akainua simu yake juu, akazunguka polepole akiwa ameielekeza mawinguni. Niliijua ile programu. Ndiyo niliyoitumia Aprili. Alipomaliza alitabasamu kidogo, akairudisha simu mfukoni, kisha akaja kumwambia baba kwa sauti ya msiba kwamba mahali ni pazuri ila mtandao hakuna. Akataja bei. Baba aliposita, Sydney akafungua mkoba akatoa karatasi yangu.

"Matthew, boss wangu, hata sisi tungependa kukuongezea. Lakini ona mwenyewe. Hata setilaiti imekataa hapa. Sasa mtu ananunua nini, viazi?"

Baba aliitazama kana kwamba si yeye aliyeitoa. Bei ikashuka. Mimi nilikuwa nimeleta chai. Niliiweka mezani nikarudi jikoni, nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Ploti ya Malaba niliiona mwanzoni mwa mwezi huu, baba aliponichukua twende naye. Ni futi hamsini kwa mia, kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kuingia Uganda. Kuna viguzo vifupi vya saruji vinavyoonyesha kwamba waya umezikwa hapo, na Sydney huvipiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Faiba imelala chini yako, msomi," aliniambia. "Hapa ukikohoa, Nairobi wanakuambia pole."

Bei ya ploti hiyo moja ni karibu sawa na ya eka zetu tatu. Baba alipoenda kuzungumza na mwenyewe, nilimwona fundi wa mtandao akifunga ngazi kwenye pikipiki. Nilikaa kama dakika kumi nikijipa moyo, kisha nikamwendea na kumwuliza kama mtu akijenga pale anaweza kuunganishiwa faiba.

"Huu waya? Huu ni wa kupita, dada. Unaenda mpakani. Huwezi toboa tu hivyo kama bomba la maji. Mpaka kampuni ilete boksi, na boksi la karibu liko kule stendi."

"Wataleta lini?"

"Wakiona watu wamekuwa wengi. Labda mwaka ujao. Labda mtoto wako ndiye ataunganishiwa."

Nilirudi kwa baba na sikumwambia. Ningeanza na fundi, ningelazimika kuishia na mvule. Kwa hiyo hali ndiyo hii: ploti ya Malaba imepanda bei kwa sababu ya faiba ambayo bado haiwezi kukufikia, na shamba la Kuka limeshuka bei kwa sababu ya setilaiti ambayo mnunuzi mwenyewe anajua inafika. Bei ya pili ni kazi ya mikono yangu.

Kukhu hajasema hata siku moja kwamba hataki kuhama. Anasema ataenda pale Austine atakapomweka. Lakini mwaka huu hakupanda mihogo, kwa sababu mihogo hukaa sana ardhini. Kuku amewagawa wawili wawili kwa majirani. Kila Jumamosi anapalilia kaburi la Kuka hata kama hakuna jani la kung'oa. Wiki iliyopita aliniuliza kama mwenye shamba mpya atakubali tuwe tunakuja kuliona, na kama itabidi tupige hodi.

Haya yote niliyabeba. Kilichonishinda kimetokea jana.

Jana alikuja Adeke, yule mama wa kutoka Chakol aliyeolewa hapa kwa jirani, ambaye mumewe alifariki mwaka ule wa korona. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Huwa ananiita mwalimu kwa utani, kwa sababu ya vitabu. Alinisalimu kwa Kiteso.

"Yoga, mwalimu. Kukhu yuko?"

Nilimwambia ameenda kusaga.

"Sawa tu, ni wewe nataka. Nisomee hii. Sydney alinipa wakati nilimuuzia ile robo eka. Nilimwambia aongeze pesa, akanionyesha hii, akasema haiwezekani. Mimi nikiangalia naona mistari. Sasa niambie, shamba langu liko na ugonjwa gani?"

Ilikuwa nakala ya karatasi yangu. Jina langu lilikuwa limefunikwa wakati wa kunakili, lakini mwandiko ni wangu, na mistari ile ni ya rula yangu iliyovunjika pembeni. Adeke aliuza mwezi wa Mei ili alipe karo ya mwanawe Emorut, aliye chuo cha ufundi. Robo eka aliyoiuza haina mti hata mmoja. Ukisimama pale unaona mbingu yote hadi Uganda.

Nilimwambia karatasi inasema kwamba mtandao ulikuwa dhaifu.

"Kwangu?"

Nikasema karatasi haisemi ni wapi. Hilo lilikuwa kweli, kama vile nambari zilivyokuwa kweli. Alinishukuru, akaikunja tena mara nne, akaniambia nisome kwa bidii.

Kikao cha bodi ya ardhi cha kutoa kibali cha shamba letu ni Alhamisi tarehe 28 mwezi huu. Jina kwenye hati ni lako, na baba anasimama tu mahali pako. Neno lako linatosha kusimamisha mambo au kuyaendeleza. Ninachotaka ni kwamba ulitoe ukiwa unajua ukweli. Naacha hapa kwa leo. Sijui kesho nitafanya nini.

Jumanne, 19 Agosti.

Kurasa za juu sikuzibadilisha, ingawa mwandiko si mzuri.

Jumamosi asubuhi nilimsomea Kukhu barua hii, nikiigeuza kwa Kikhayo chetu sentensi moja baada ya nyingine. Alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe. Hakuinua kichwa hadi nilipofika pale pa chumba. Aliniambia nirudie, nikarudia.

"Mlango," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Miaka yote hii unalala hapa kwangu. Mlango ni mbao tano na bawaba mbili, Vivi. Ungeniambia."

Alimaliza maharagwe yaliyokuwa kwenye ungo, yote, kisha akauliza kama dishi la Nasir linaweza kupatikana tena. Akanipa nauli niende mjini.

Nasir nilipomweleza kwamba mwezi wa Aprili nililiweka chini ya mti hakucheka, na nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. "Unajua watu wa huko wameanza kusema madishi yangu ni mabovu?" aliniuliza. "Nimekosa wateja watatu, na mimi nilidhani ni hasidi." Alihudumia watu wawili kabla ya kunitazama tena. Kisha akaweka boksi mbele yangu. "Jumanne asubuhi liwe hapa. Pesa sitaki. Nataka jibu la kweli, nilibandike ukutani."

Mahali pa kuliweka alichagua Kukhu mwenyewe. Alibeba kigoda chake hadi makaburini, akakiweka upande wa miguu ya Kuka, akasimama akisema naye maneno ambayo sikuyasikia yote. Nilisikia jina lako na langu. Kisha akaniambia, weka. Safari hii duara kwenye simu lilikuwa safi kama sahani.

Nimeambatisha karatasi mpya. Mahali nimepaandika juu kabisa, na nimechora ramani ya boma na miti yake. Kuanzia Jumamosi alasiri hadi leo asubuhi, kasi imekuwa kati ya megabiti themanini na mia moja arobaini kwa sekunde. Jumapili jioni ilinyesha mvua kubwa na mtandao ukakatika kwa dakika kumi na moja. Jana stima ilipotea na dishi likazima, kwa hiyo utahitaji betri. Nasir anasema malipo ya kila mwezi ya setilaiti ni makubwa kuliko ya faiba. Siku faiba itakapofikishwa mlangoni kwako Malaba, mvua haitaisumbua, ingawa nimesikia hukatwa kila barabara inapochimbwa. Sitakuambia uchague nini. Nilishakuchagulia mara moja.

Baba alifika Jumapili baada ya kanisa. Nilimpa barua aisome mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. Kilichomuuma zaidi ni fundi wa Malaba, kwamba nilikuwa na neno lile mdomoni njia nzima ya kurudi nyumbani na nikakaa nalo. Kisha akampigia Sydney, kwa spika kama kawaida yetu.

"Boss, yaani mtoto wa shule ndiye anatuvunjia biashara?"

"Huyo mtoto ndiye ulizungusha karatasi yake kijiji kizima," baba alimjibu. "Wakati unaizungusha alikuwa mtaalamu."

Sydney alisema mnunuzi ameshajipanga, na tukirudi nyuma sasa tutajulikana kama watu wasioeleweka. Baba alisema hataingia mbele ya bodi kabla hajasikia sauti yako, akakata simu. Hajazungumza nami sana tangu siku hiyo. Simlaumu.

Kwa hiyo tafadhali piga kabla ya tarehe 28. Barua hii nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kukutumia kwa simu ya baba, naye anajua. Kurasa zenyewe nitazipeleka posta, ili siku zijazo usiseme uliota.

Kukhu anakusalimu sana. Anasema usiamue kwa kumhurumia, na pia usiamue kwa kunikasirikia. Mama anakusalimu kutoka Budalang'i, pamoja na dada yake na mtoto mchanga, ambaye wamempa jina la Roselida. Msalimie Mama Mkubwa Nasimiyu, umwambie Kukhu anauliza kama ule mguu unakandwa na maji moto. Mkumbatie Egesa kwa niaba yangu, ingawa hanijui. Mungu aliyekutunza miaka yote hiyo kwenye baridi ya watu aendelee kukufunika wewe na nyumba yako.

Kabla sijatia sahihi nikueleze nilichofanya leo. Saa tatu nilimrudishia Nasir dishi lake. Nilipotoka huko sikupitia nyumbani, nilienda kwa Adeke. Alikuwa anaanika wimbi uani. Nilimwambia karatasi ile ni yangu, kwamba dishi lilikuwa chini ya mti wetu na halikuwahi kufika kwake, na kwamba mahali alipouza ni pazuri kuliko hata petu. Alisimama na ungo mkononi. Nilimwambia labda anaweza kwenda mbele ya bodi tarehe 28 pamoja na baba.

"Kibali changu kilitoka Julai," alisema. "Yule mtu ameshaweka nguzo."

Nilimwambia pole. Aliingia ndani, kisha akatoka na ile nakala pamoja na kalamu.

"Andika hapo nyuma yale umesema."

Nilimwuliza itamsaidia nini kama kibali kimeshatoka.

"Emorut akifunga chuo ataniuliza kwa nini niliuza shamba la baba yake kwa bei ya mbuzi. Nataka asome. Ajue mama yake hakuwa mjinga."

Niliketi juu ya gunia nikaandika. Niliandika kwamba kipimo hakikufanywa kwenye shamba lake, kwamba nilikiharibu kwa makusudi, na kwamba yeye alidanganywa. Niliweka tarehe, majina yangu matatu, shule na kidato. Kisha nilimsomea kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, mara mbili, kwa sababu alitaka kuyashika maneno.

Wako akupendaye, hata kama kwa sasa utahitaji muda,

Vivianne.